Naombeni ushauri: Blade Runner, nirudie toleo lipi?

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka 1996 marehemu kaka yangu alikuja nyumbani na kanda ya Blade Runner. Tuliitazama usiku, sauti tumeipunguza ili baba asiamke. Nilikuwa na miaka 12. Nikaona askari anasaka watu wa kutengenezwa, mvua haikatiki, basi. Mwishoni kaka akalia, nami sikumwelewa. Sasa nimevuka 40, yeye hayupo, na nataka kuirudia na mwanangu wa miaka 15. Nakuta matoleo ya 1982, 1992 na 2007. Nichukue lipi? Na je, inamfaa kijana?

Mpenda Picha: Pole sana kwa msiba wa kaka, mkuu. Chukua la 2007, ndilo Ridley Scott alilolimaliza kwa matakwa yake. La 1982 Deckard, yule askari, anakusimulia hadi vitu unavyoviona mwenyewe, na ule mwisho wa furaha walibandika picha za milima zilizobaki kwenye The Shining ya Stanley Kubrick! La 1992 liliondoa hayo yote, likaongeza ndoto ya farasi mwenye pembe moja. Bila ndoto hiyo, kile kikaratasi cha mwisho kilichokunjwa umbo la farasi huyo hakina uzito.

Mzee wa Kanda: Mimi napinga. Mwenzetu anamtafuta kaka yake, na kaka yake yumo kwenye la 1982, na ile sauti ya Harrison Ford, Deckard mwenyewe. Anza nalo peke yako. Mwangalie Roy, kiongozi wa hao watu wa kutengenezwa, kachezwa na Rutger Hauer: kapewa miaka 4 tu ya kuishi, mkono unaanza kukakamaa, anauchoma msumari usimfie mapema. Halafu anamdaka Deckard, mtu aliyekuja kumuua, asianguke. Nadhani hapo ndipo kaka yako alipolia.

Mama Wawili: Kuhusu kijana: kuna mtu anafinywa macho hadi kufa, mwandae. Ila zaidi ni pale Deckard anapomzuia Rachael, mwanamke wa kutengenezwa, mlangoni na kumlazimisha ambusu. Muziki mtamu, tendo baya. Usipeleke mbele, ndugu yangu. Simamisha, muongee.

Mtoa uzi: Asanteni sana. Jana usiku nimeitazama ile ya 1982 peke yangu. Walipofika juu ya paa, Roy na njiwa wake mkononi, nikajikuta nimeshika rimoti napunguza sauti, na nyumbani hapakuwa na mtu.

Jumamosi natazama la 2007 na kijana.