Stagg wa Chicago: ukubwa wake ni ushindi 314 tu?

Kijana_wa_Benchi:
Wakuu, habari za muda huu. Nafuatilia historia ya makocha wa mwanzo wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, na kila ninapopita nakutana na Amos Alonzo Stagg. Ila nikitazama matokeo ya miaka yake ya mwisho pale Chicago naona vipigo tu. Taji lake la mwisho la ligi ni la 1924, na bado alibaki kazini mpaka 1932! Kocha wa siku hizi angeshafungashiwa virago zamani. Ukubwa wake uko wapi hasa? Ni zile mechi 314 alizoshinda, au ni kwa vile aliishi miaka 102?

Kipenga_cha_Zamani:
Mkuu, hizo 314 ziweke kando kwanza. Kocha Bear Bryant wa Alabama alizipita mwaka 1981 na Stagg hakupungua hata chembe. Anza na 1892.

Rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, aliwahi kumfundisha Stagg pale Yale. Stagg alikuwa akisomea uchungaji, akauacha kwa kuona hana ulimi wa mimbari. Mkono wa kurusha besiboli alikuwa nao, klabu za kulipwa zikamfuata, akazikatalia. Harper alipofungua chuo chake akamwita, tena si kama kibarua wa msimu: alimpa uprofesa mshiriki, ajira ya kudumu na dola 2,500 kwa mwaka. Wakati huo timu nyingi za vyuo ziliongozwa na nahodha, au mhitimu anayekuja kusaidia wiki chache kisha anarudi kwenye shughuli zake. Kocha kuhesabiwa pamoja na maprofesa ilikuwa kali. Ndiyo maana hakufukuzwa baada ya 1924: angefukuzwaje mtu mwenye ajira kama ya mwanakemia?

Kwangu mimi huo ndio ukubwa wake. Ukocha wa vyuo ukawa kazi ya mtu mzima, ya mwaka mzima, na Chicago wakagundua kwamba timu ikishinda jina la chuo linafika hata kwa wasiojua kinafundisha nini. Maovu ya michezo ya vyuo Marekani nayo yaliingilia mlango huohuo, tusimpambe sana mzee wa watu.

Na kuanza kwenyewe kulikuwa kwa kuungaunga. Msimu wa kwanza wachezaji hawakutosha, profesa akavaa jezi akaingia uwanjani.

Ukitaka mechi moja tu, chukua ya Novemba 30, 1905, dhidi ya Michigan ya kocha Fielding Yost. Hao walikuwa wamecheza mechi 56 bila kupoteza. Mwaka 1901 walifunga alama 550 na kufungwa sifuri. Siku hiyo wakabanwa, muda ukaenda bila yeyote kufunga. Kipindi cha pili Walter Eckersall wa Chicago akaupiga mpira kwa mguu ukatua nyuma ya mstari wa goli wa Michigan. Denny Clark akaudaka, na badala ya kutulia nao hapohapo akaamua kutoka nao mbio. Alipovuka mstari tu vijana wa Stagg wakamvaa, wakamrudisha nyuma. Kwa sheria, ukiangushwa na mpira nyuma ya mstari wa goli lako, wapinzani wanapata alama 2. Mechi ikaisha 2–0, ubingwa wa taifa ukaenda Chicago.

Mama_Takwimu:
Nyongeza kidogo, maana watu husahau upande wa kikapu. Kabla ya Chicago, Stagg alifundisha shule ya YMCA kule Springfield, na kati ya wachezaji wake wa futiboli alikuwamo James Naismith, yuleyule aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Machi 1892 walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watazamaji. Wanafunzi walishinda 5–1, na hilo kapu moja la walimu alilifunga Stagg.

Kijana_wa_Benchi:
Asanteni sana. Sasa kama ajira ilikuwa ya kudumu, Chicago alitokaje? Aliondoka kwa hiari?

Kipenga_cha_Zamani:
Hiari wapi! Chuo kilikuwa na sheria ya kustaafu ukifika miaka 70, na rais wa wakati huo, Robert Maynard Hutchins, hakuwa shabiki wa futiboli hata kidogo. Stagg alizaliwa 1862, piga hesabu. Akagoma kukaa nyumbani, akaenda California kufundisha College of the Pacific, chuo kidogo tu. Mwaka 1938 akaileta Pacific hukohuko Chicago, kwenye uwanja wenye jina lake, akawapiga 32–0. Mwaka uliofuata Hutchins akaifuta timu kabisa. Chini ya majukwaa yaleyale, Desemba 1942, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakawasha kinu cha kwanza cha nyuklia.

Pacific alikaa mpaka 1946. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Wapo wanaosema alibebwa na vita, kwa sababu jeshi la majini lilipeleka vijana wake kusomea pale na wengine wakaingia kikosini. Ni kweli walikuwepo, ila vyuo vingine kibao navyo vilipata vijana wa aina hiyo msimu huohuo, na kura zikaenda kwa babu.