Baiolojia ya KCSE: nakariri usiku kucha, swali likigeuzwa kidogo nimepotea

BintiKisauni

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mwaka huu nafanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mchana niko kibandani Kongowea, kusoma ni usiku watoto wakishalala. Fasili zote za baiolojia nazijua kwa moyo, lakini nikifungua karatasi za miaka iliyopita ni kama nimesomea somo jingine.

Osmosisi, kwa mfano, naijua. Sasa swali: kwa nini mtu akinywa maji ya bahari kiu humzidi? Naanzia wapi hapo? La pili, baba na mama wote ni AS (kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, ila haugui), wana watoto watatu wazima. Je, wa nne ndiye atakayetoka na selimundu? (Jirani yangu yuko hivyo hivyo na ana mimba, na wanawake wa mtaa washamjaza hofu.) La tatu, naweza kuandika kwamba mikoko ilijizoesha chumvi ili iishi baharini?

Nisome vipi jamani? Vitabu ninavyo, ni kichwa kinachokataa.

Maalim_Mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Kichwa chako kizima. Shida ni kwamba unasoma mada moja, unaifunga, unafungua nyingine, na mtahini anapenda kuuliza pale mada mbili zinapokutana.

Chukua hiyo bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji ya dripu, yaliyotengenezwa yalingane na damu, yana gramu 9 tu. Ukinywa ya bahari, chumvi inaingia kwenye damu, damu inakuwa kali kuliko seli, na maji yanatoka ndani ya seli kufuata ukali ule; hiyo ndiyo osmosisi. Ndiyo ile ile embe ya achari unayoitia chumvi asubuhi, jioni bakuli limejaa maji. Kisha figo: haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kuzidi bahari, kwa hiyo kuisafisha hiyo chumvi zinatumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Umeona? Osmosisi na figo katika jibu moja.

Na la mikoko, hapana, usiandike hivyo. Mti hauna nia. Tangu mwanzo miche ilitofautiana kijeni. Iliyoweza kuvumilia chumvi ilizaa zaidi, vizazi vikapita, ikawa ndiyo mingi. Tofauti hutangulia, mazingira huchagua baadaye. Mbu wanaostahimili dawa ni habari hiyo hiyo: dawa haikuwafundisha kitu, iliwaua wenzao.

Nesi_wa_Zamu

Dada, mwambie jirani yako awapuuze hao. Moja kwa nne si foleni kwamba watatu wakishapita zamu imefika. Kila mimba inaanza upya: robo AA (hana jeni hiyo), nusu AS, robo SS (ana jeni mbili, ndiye mgonjwa). Hao watatu wa mwanzo hawaongezi wala hawapunguzi chochote kwa wa nne. Akishajifungua, aombe mtoto apimwe damu mapema, maana SS akijulikana mchanga hutunzwa vizuri zaidi.

Mimi ningekwambia usome selimundu peke yake wiki nzima, na mada nyingine zitakuja zenyewe. Herufi moja ya DNA imebadilika, asidi amino moja ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikabadilika. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo inashikana, seli inajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii ya mundu hudumu 10 hadi 20, ndiyo anemia, yaani upungufu wa damu. Hapo una jenetiki, damu na upumuaji.

Na mageuzi pia yamo. Kwa nini jeni inayoua isipotee? Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, aliona kwamba watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, wanaibeba zaidi kuliko wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo AS anaishi, anazaa, na jeni inaendelea.

KalamuNyekundu

Hadithi tamu sana hizi, ila mtahini halipi hadithi. Analipa nukta. Kwenye osmosisi usipotaja utando unaopitisha baadhi ya vitu, alama imekwenda. Tena mtihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo elewa kwa Kiswahili chako, kisha istilahi uzikariri kama zilivyo. Na Karatasi ya Pili ina insha ya alama 20. Nukta 20 hazitoki hewani. Kukariri kuna kazi yake, tusidanganyane.

Maalim_Mstaafu

Kweli kabisa, Kalamu. Ila akariri akishaelewa.

Dau_la_Mikindani

Mimi si msomi, ni mvuvi. Lakini mikoko naijua. Maji yakitoka, shuka ulambe jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko: ni chumvi tupu, na jua likiwaka utaona chembe nyeupe juu yake. Ule mti unaitoa kwa majani. Mkoko wenyewe, huu wa miguu mirefu, jani lake halina chembe hizo.

Maalim_Mstaafu

Ahsante nahodha. Mkoko huizuia chumvi mizizini. Na vile vijiti vya mchu vinavyochomoza topeni ni mizizi ya kupumulia, kwa kuwa tope halina oksijeni. Muulize mtahini yeyote, hilo ni swali la kila siku.

BintiKisauni

Mungu awalipe. Ujumbe wa Nesi nimeshamsomea jirani, amecheka kwanza kisha akalia. Jumapili maji yakitoka nateremka Mikindani na daftari. Sasa niulize jingine: Karatasi ya Tatu, ile ya vitendo, nani anajua kituo kinachoruhusu watahiniwa wa kibinafsi kutumia maabara kabla ya mtihani? Nilipoulizia pa kwanza wameniambia ni ya wanafunzi wao tu.

KalamuNyekundu

Njoo faragha, nitakuelekeza pa kuulizia. Na uje na lenzi yako ya mkono ya kukuzia, za maabara nyingi zimekwaruzika.