Naomba ushauri: mume wangu haangalii filamu mpaka wahakiki waipitishe

Tulizana (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri na msinicheke, najua humu kuna wenye mazito kuliko haya.

Mimi na mume wangu ni watu wa filamu tangu tukiwa wachumba. Zamani tulichagua kwa trela, kwa stelingi, au kwa kusikia tu mtu kasema "hiyo ni kali". Siku hizi mwenzangu kabla hajakaa anafungua simu, anaingia Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, na kama filamu haijafika asilimia 75 hataki hata kusikia jina lake. Nikimwambia trela yake nimeipenda, jibu ni lile lile: "Wahakiki wameiponda." Mimi napenda filamu za kutisha na vichekesho vya kijinga, na kwa kipimo chake nyingi zinafeli. Basi tunaishia kwenye filamu za majonzi zenye tuzo, na yeye mwenyewe anasinzia katikati.

Nauliza mawili. Hivi watu kweli wanachagua filamu kwa kufuata wahakiki, au ni huyu wangu tu? Na je, wahakiki wana faida yoyote kwa mtu anayetaka kufurahi tu jioni yake ipite? Nataka nikimrudia niwe na hoja, maana kelele nimeshapiga sana.

KitiChaNyuma

Anasinzia kwenye filamu ya asilimia 97 halafu bado anatetea kipimo? Dada, kesi umeshashinda, nenda kalale.

Mimi nachagua kwa bango. Kukiwa na mlipuko nyuma na mtu anatembea bila kugeuka, naangalia.

Msomaji wa Usiku

Tuache utani kidogo. Naona shemeji anaiheshimu namba ambayo hajaiuliza imetoka wapi.

Ile asilimia ya Rotten Tomatoes si maksi. Ni hesabu ya wahakiki wangapi kati ya wote wameipa filamu maoni mazuri, basi. Haisemi wameipenda kiasi gani. Chukua filamu ambayo kila mhakiki kaipa 6 kati ya 10, na wote wakahesabiwa kuwa wameikubali. Hiyo inapata asilimia 100. Sasa chukua nyingine ambayo nusu yao wameipa 10 kamili na nusu wameipa 4. Inapata asilimia 50, na kwa sheria za shemeji imekufa hapo hapo. Lakini ukipiga wastani, ya kwanza ina 6 na ya pili ina 7. Ile iliyowagawa watu ndiyo yenye uwezekano wa kukutoa machozi au kukuachia gumzo la wiki nzima, na ndiyo anayoitupa.

Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wanafanya tofauti: wanapiga wastani wa maksi, tena baadhi ya wahakiki wanapewa uzito kuliko wengine. Kwa hiyo filamu moja inaweza kung'ara kule na kuwa ya kawaida huku, bila mtu yeyote kudanganya.

Muulize hiyo 75 aliitoa wapi. Rotten Tomatoes wenyewe wanaihesabu filamu kuwa nzuri kuanzia 60. Sabini na tano ni mojawapo ya masharti ya kupewa ile nembo yao ya juu. Yaani shemeji anakataa hata zile ambazo wahakiki wake wamezikubali!

Nahodha Mstaafu

Wahakiki ni wanafiki, wanalipwa. Mnakumbuka kisa cha Sony, kampuni ya filamu? Mwaka 2001 jarida la Newsweek lilifichua kwamba David Manning, mhakiki aliyekuwa akinukuliwa kwenye matangazo ya filamu zao akizisifia, hakuwepo duniani. Walimbuni ofisini na kumbandika kwenye gazeti dogo la Connecticut, Marekani. Gazeti lilikuwepo, mtu hakuwepo. Baadaye kesi ikawalazimu kutenga dola milioni 1.5 za kuwarudishia watazamaji. Halafu mtu anakuja kuniambia nisome wahakiki kwanza.

Msomaji wa Usiku

Nahodha, kisa ni cha kweli ila umekishika kwa mkia. Kama maneno ya mhakiki hayamshawishi mtu, kampuni kubwa vile ilihangaika nini kumbuni mmoja? Tena wahakiki halisi ndio waliokuwa wagumu kuwapa sifa walizozitaka.

Nahodha Mstaafu

Hapo umenibana. Lakini siwasomi.

Binti Mpole

Dada Tulizana, mimi ndiye mumeo kwa upande wa pili, nimtetee kidogo. Filamu zilizopo sasa hazihesabiki. Ukifungua huduma yoyote ya kutazamia nyumbani unaweza kuzunguka kwenye orodha hadi usingizi ukuchukue hujabonyeza kitu. Namba inanisaidia kupunguza. Sisemi ni haki kwa filamu, nasema muda wangu ni mfupi na watoto wakilala napata nafasi ya filamu moja tu.

Ila 75 kwa filamu za kutisha ni ukatili. Wahakiki wengi hawapendi kushtuliwa. Mimi kwa za kutisha nashuka hadi 50, na kwa vichekesho siangalii namba kabisa, maana kicheko cha mtu hakikopesheki.

Kalamu Butu

Swali la kwanza la mtoa mada halijajibiwa, na limefanyiwa utafiti wa kutosha. Niruhusuni niwe mrefu kidogo.

Ugumu wake ni huu: filamu nzuri husifiwa na wahakiki, na filamu nzuri hujaza watu. Ukiona sifa na umati vimekuja pamoja, huwezi kusema moja imeleta nyingine. Mwaka 1997 watafiti Eliashberg na Shugan walitazama mapato ya wiki kwa wiki. Wakakuta maoni ya wahakiki yanaendana na mapato ya wiki za baadaye na ya jumla, ila si ya wiki za mwanzo. Sasa kama wahakiki wangekuwa ndio wanaotuma watu ukumbini, nguvu yao ingeonekana mwanzoni, pale ambapo uhakiki ndio umetoka na hakuna jirani aliyekwisha kuiona. Hitimisho lao likaegemea kwamba mhakiki anatabiri zaidi kuliko anavyoshawishi. Ladha yake inafanana na ya watu, basi.

Mwaka 2003 wakaja Basuroy na wenzake wakasema si hivyo tu. Walikuta kwamba uhakiki mbaya unaiumiza filamu kuliko uhakiki mzuri unavyoisaidia, hasa wiki ya kwanza, na kwamba stelingi maarufu au bajeti nene hupunguza maumivu hayo.

Ninaoupenda zaidi ni wa Reinstein na Snyder, 2005. Walichukua wale wahakiki wawili wa televisheni ya Marekani, Siskel na Ebert, waliokuwa wakitoa hukumu kwa dole gumba juu au chini. Baadhi ya filamu walizihakiki kabla ya wikiendi ya kwanza, nyingine baada. Ukilinganisha makundi hayo mawili unaweza kutenganisha ushawishi na ubora wa filamu yenyewe. Kwa ujumla athari ilikuwa ndogo. Lakini kwa filamu zilizotoka kwenye kumbi chache, na kwa drama, dole gumba la juu liliongeza watu kweli.

Ndiyo maana ukiuliza "wahakiki wana nguvu?" lazima useme kwa filamu ipi. Venom ya 2018 walioipenda hawakufika theluthi moja ya wahakiki, ikaingiza zaidi ya dola milioni 850 duniani. Filamu ya Super Mario ya 2023 ilikuwa chini kidogo ya asilimia 60, ikavuka dola bilioni 1.3. Watu walishaamua kabla mhakiki hajafungua kompyuta. Kwa upande mwingine, Moonlight ilianza mwaka 2016 kwenye kumbi nne tu za Marekani, haina stelingi wa kuuza tiketi wala mlipuko wa kumridhisha KitiChaNyuma. Filamu ya namna hiyo bila wahakiki kuipigia debe ungeisikia wapi? Iliishia kuchukua Oscar ya filamu bora.

Kwa hiyo dada, mumeo anamtumia mhakiki palepale ambapo watu wengi hawamtumii. Kwenye filamu ndogo usiyoijua hata jina, hapo mfuate. Kwenye filamu ya mashujaa sehemu ya saba, wewe mwenyewe unajua kama utaipenda kuliko mhakiki yeyote.

KitiChaNyuma

Nimetajwa kwenye utafiti. Mama yangu ajulishwe.

Tulizana

Asanteni sana, hasa Kalamu Butu na Msomaji. Nimemwonyesha ile hesabu ya 6 na 7, akanyamaza, halafu akaja na silaha mpya: "Basi tufuate alama za watazamaji, si wahakiki." Hapo nikakosa la kusema. Alama za watazamaji ndizo zenye ukweli zaidi?

Binti Mpole

Hapana, nazo zina ugonjwa wake. Watu hupanga kwenda kuishusha filamu hata kabla haijatoka, kwa hasira za mitandaoni tu. Mwaka 2019 Rotten Tomatoes walilazimika kuondoa nafasi ya kuandika maoni kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, na wakaweka alama za pekee za waliothibitika kununua tiketi.

Kalamu Butu

Na hao walionunua tiketi nao wamejichagua. Kuna CinemaScore, wanaowauliza watazamaji usiku wa kwanza wakitoka ukumbini, tangu 1979, halafu wanatoa herufi kuanzia A+ hadi F. Aliyetoka nyumbani usiku wa kwanza alishaitaka filamu ile, kwa hiyo A zinatoka kwa wingi na B tayari ni dalili ya manung'uniko. Kinachopimwa hapo ni kama mtu kapata alichoahidiwa na trela. Filamu ya mother! ya 2017 ilipewa F, wakati wahakiki zaidi ya nusu waliikubali. Wengine walikuwa wamejiandaa kwa filamu ya kawaida ya kutisha, wakakutana na mafumbo.

Mhakiki yeye hajachagua. Anatazama anachopangiwa, kibaya na kizuri, mwaka mzima, ndiyo maana anachoka haraka na vile vinavyojirudia. Mtu anayeangalia filamu mbili kwa mwezi vinavyojirudia havimsumbui. Hiyo tofauti inaeleza magomvi mengi kuliko unafiki anaousema Nahodha.

Sauti ya Kijani

Niongeze dalili moja wanayoisahau wengi. Studio huwaonyesha wahakiki filamu mapema, lakini huwawekea saa ya kuruhusiwa kuchapisha. Saa hiyo ikiwa wiki mbili kabla, wanajiamini. Ikiwa usiku wa kuamkia siku ya kwanza, kuna kitu. Na wakiwanyima kabisa, mara nyingi wenyewe wanajua filamu ni mbovu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Brown, Camerer na Lovallo kuhusu filamu zilizofichwa namna hiyo, wakakuta zinaingiza zaidi ya zile zinazofanana nazo ambazo wahakiki walionyeshwa. Watazamaji hawajiulizi kwa nini pako kimya. Kwa hiyo mumeo akikuta filamu haina uhakiki hata mmoja siku ya kwanza, hapo ana haki ya kushtuka.

Mwana wa Jioni

Mnazozana na wahakiki kumbe anayewachagulia ni programu. Huduma zinawapangia safu ya mbele kulingana na mlichotazama jana. Netflix hata zile nyota waliziondoa mwaka 2017 wakaweka dole gumba. Mtu anadhani amechagua, kumbe alichoonyeshwa ni vile vile kila siku. Angalau mhakiki ana jina na unaweza kubishana naye.

Msomaji wa Usiku

Ushauri wa vitendo sasa, dada. Mwache shemeji na mapenzi yake ya namba, ila mwombe aache kusoma umati, amsome mtu mmoja. Andikeni kila mmoja filamu chache anazozipenda sana na chache alizozichukia wakati wengine wanazisifia. Kisha tafuteni wahakiki walioandika juu ya hizo. Yule aliyechukia ulichochukia kwa sababu zile zile, huyo ndiye wako. Hata yule mnayepingana kila mara anafaa: nina mhakiki mmoja ambaye akisema "inachosha, ya polepole", najua leo nitafurahi.

Na mgawane zamu. Jioni yako kipimo kisiingie sebuleni.

Tulizana

Amekubali zamu, ingawa kwa kununa. Ameweka sharti kwamba na mimi jioni yake nisitembeze simu. Ni haki.

Limebaki moja: huo uhakiki tunausoma lini? Yeye anausoma wote kabla, mpaka mwisho wa filamu anaujua, halafu ananisimulia.

Kalamu Butu

Kabla, aya ya kwanza tu, ujue ni filamu ya aina gani na anayeandika kakaa upande upi. Iliyobaki msome mkishaiona, wakati mnabishana. Mimi uhakiki mwingi nausoma usiku ule ule baada ya filamu, na mara kadhaa umenifanya nirudie sehemu niliyoipita bila kuiona.

Nahodha Mstaafu

Na ya kutisha unayoanza nayo ni ipi? Nitajie, nijue ya kuiponda.

Tulizana

Sitaji jina. Ina asilimia 38. Watoto wakilala tu.