Punda wangu hataki kushikwa miguu na kwato zimerefuka, nifanyeje?

Mteka Maji (Babati)
Wakuu, salamu. Nina punda jike wa maji. Nilimnunua mnadani mwaka jana, muuzaji akasema ana miaka sita, meno sikuangalia. Kwa kazi ni mpole kuliko mbuzi: unampakia madumu manne ya lita 20, anakwenda zake. Shida ni miguu. Mkono ukishuka tu chini ya goti anaganda kama nguzo, masikio yamelala nyuma, halafu mguu unaruka bila taarifa. Wa nyuma kushoto ndio balaa, huo hata kuukaribia sithubutu.

Wiki iliyopita tulimshika watu watatu ili jirani ampunguze kwato kwa panga. Jirani amevimba paja, punda alikimbilia mahindi ya watu na kamba shingoni. Sasa hata nikiokota kamba anarudi nyuma. Kwato za mbele zimeanza kujikunja kama ncha za makubadhi, mvua haikatiki, zizi limekuwa tope tupu. Naombeni ushauri.

Kijana wa Mnada
Mkuu, unambembeleza punda? Mfunge miguu yote, mwangushe, mtu mmoja akalie shingo. Dakika kumi kazi imekwisha. Asante ya punda ni mateke, ulikuwa hujui?

Bi Shogi (Lamu)
Wewe kijana, ukimwangusha leo utamkata leo. Baada ya wiki nane kwato zimerefuka tena, na safari hiyo hutamwona hata mkia.

Mwanangu Mteka Maji, nisikilize mimi. Kwetu Amu gari hazipiti vichochoroni. Mchanga, mawe, saruji, vyote vyapanda mgongo wa punda. Punda akichechemea, ujenzi umesimama. Ndiyo maana tangu 1987 mji huu una zahanati ya punda, na ndiyo maana hata sisi akina mama twajua kushika ukwato.

Kwanza, huko kuganda si ubishi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama akakutazama, awaza. Ukimsukuma kabla hajamaliza kuwaza, jibu lake ni teke. Sasa fanya hivi. Siku mbili tatu za mwanzo usiguse mguu kabisa. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mpe kipande cha karoti, ondoka. Kamba uliyomfungia siku ile weka mbali, tafuta nyingine.

Kisha chukua fimbo ya mita moja hivi, ncha yake uivishe soksi kuukuu iliyojaa majani makavu. Simama ubavuni karibu na bega, si nyuma. Anza juu begani, teremka polepole na mguu. Akirusha teke, soksi ndiyo ipigwe, wewe usalimike. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: akirusha teke wao huondoa fimbo. Punda ajifunza kwamba teke lafanya kazi! Iache soksi palepale ikimgusa kidogo tu. Akitulia, hata kwa pumzi moja, ndipo uiondoe.

Soksi ikizoeleka, mkono. Mkono ukizoeleka, minya kidogo juu ya kifundo, ungoje ahamishe uzito mwenyewe. Inua ukwato vidole viwili kutoka ardhini, hesabu moja, mbili, ushushe. Ushushe wewe, usiuangushe. Mrudishie mguu kabla hajaunyang'anya. Siku ya pili hesabu hadi nne. Na usiuvute kwenda nje ukadhani ni mlango. Uweke chini ya mwili wake, chini kabisa, hata kama mgongo wako utalia.

Mteka Maji
Mama, asante sana. Soksi ninazo. Ila yuko peke yake zizini, ana ng'ombe wawili tu. Kuna tatizo?

Bi Shogi
Kama amewazoea hao ng'ombe, wasogeze wamwone. Punda akitengwa na mwenzake akili yote yaenda huko, hutapata mguu wala sikio.

Mzee wa Josho
Nimekuwa bwana mifugo miaka mingi, sasa nafuga kuku tu. Hakuna aliyeuliza swali moja: kwa nini mguu mmoja ni mbaya kuliko mitatu? Woga hauchagui mguu. Maumivu ndiyo huchagua.

Punda ni mwongo wa maumivu. Ng'ombe angekuwa amelala, yeye bado anakubebea maji. Weka kiganja juu ya kila ukwato, linganisha joto. Akisimama tazama kama anaupumzisha huo wa kushoto kila mara. Ukwato wa punda ni mwembamba na hunyonya maji kuliko wa farasi, kwa hiyo tope la mwezi mzima huulainisha, mwiba au kijiwe kinaingia, jipu linafanyika ndani. Ukiwa na jipu huko hata mimi ningekupiga teke.

Mwite mtu wa mifugo kabla ya mafunzo ya mguu huo. Mwulize pia kuhusu pepopunda, maana kidonda cha ukwato ndio mlango wake. Akihitaji kumpa dawa ya kumtuliza kwa mara ya kwanza, kubali, si aibu. Miguu mingine mitatu endelea na soksi ya Bi Shogi.

Na panga liache. Tumia kisu cha kwato na tupa ya kusugulia. Ukwato uliorefuka hivyo haurudishwi siku moja, unapunguzwa kidogo, unasubiri wiki kadhaa, unapunguza tena. Halafu madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi hawafiki kilo 150. Shusha mawili.

Mkokoteni (Naivasha)
Niongeze kitu kidogo. Wangu alikuwa sawa na mikono, shida ilikuwa sauti ya tupa. Nilikuwa naikwaruza kwa mti wa boma kila jioni akila, mbali, halafu karibu. Wiki mbili akawa hajali. Hapa kwetu watu husema punda afe mzigo ufike, lakini huyo akilala njiani mimi ndiye nasukuma mkokoteni.

Mteka Maji
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Mzee wa Josho, shikamoo mara mbili. Mguu wa kushoto ulikuwa wa moto kuliko mingine, na ulikuwa unapumzishwa mchana kutwa mbele ya macho yangu. Mtaalamu alikuja, akampa sindano ya kumtuliza, akafungua sehemu ndogo chini ya ukwato. Ukatoka usaha mweusi na kipande cha mwiba wa mgunga. Nilikuwa nampiga fimbo apande mlima na mwiba ule. Sisemi zaidi.

Tuliloweka kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukafunga kwa pampasi ya mtoto na utepe wa gundi (mke wangu amenidai pampasi zake). Sindano ya pepopunda pia. Kazi ya maji inafanywa na baiskeli yangu mpaka apone.

Soksi: siku ya kwanza mateke kumi na moja, nilihesabu. Siku ya tano mawili. Siku ya nane niliondoka bila kuinua kitu kwa sababu masikio yalikuwa nyuma tangu asubuhi. Siku ya kumi na tatu nilishika mguu wa mbele kulia nikahesabu hadi ishirini. Jumanne mtaalamu alipunguza huo, Alhamisi wa pili. Hatukumfunga, mwanangu alishika hatamu tu. Zizi nimemwaga changarawe upande wa juu, anasimama hapo mwenyewe.

Kijana wa Mnada, njoo uone bila kukalia shingo ya mtu.

Swali la mwisho: siku hizi nikiinama tu kuokota dumu, ananyanyua mguu wa mbele na kunitazama. Ni vibaya?

Kijana wa Mnada
Nimenyoosha mikono. Hiyo soksi iwe ya pamba au yoyote?

Bi Shogi
Yoyote, bora isinuke.

Mteka Maji, huyo adai karoti. Usipomwomba mguu usimlipe, la sivyo kesho atakunyooshea ukwato umebeba chai.