Makovu ya operasyo ya matiti, mwezi wa 9 na bado inawasha. Munishauri

Mwana_Katuba
Ba yaya na ba mama, jambo. Nilipunguzishwa matiti kule Johannesburg, leo iko mwezi wa 9 tangu banikate. Juu ya nini nilifanya, musiniulize sana, mugongo ilikuwa inaniuma tangu masomo, mikanda ya sutie ilinichimbia mifereji ku mabega, na joto ya mwezi wa 10 ikianza kule chini kunababuka kila siku. Ile uzito sina tena, Mungu asifiwe, sasa nalala hata kifudifudi.

Shida njo makovu. Walinikata sawa nanga: moja inazunguka chuchu, ingine inashuka, ingine inapita mu mukunjo wa chini. Zile mbili za kwanza unazitafuta na macho. Lakini ya chini, zaidi kule mwisho karibu na kwapa, imetuna sawa kamba ya kuanika nguo, inang'aa, usiku inawasha mpaka naamuka najikuna. Na pale mistari inakutana kidonda ilifunguka wiki ya 2, kadogo tu sawa punje ya mahindi, ikakawia kufunga.

Tena nilifanya ujinga: mama mumoja wa soko aliniuzia kremu "ya makovu", nikapaka miezi 2, ngozi ya kandokando ikakuwa nyeupe, kovu yenyewe ikabakia vile vile. Sasa niko na rangi 3 pa kifua kimoja.

Bwana hasemi kitu, ni mimi njo nazima taa. Na mwezi wa 8 leki yangu anaolewa, libaya ya ba dada iko wazi ku mbavu. Nirudi banikate tena?

Kijana_wa_Kamalondo
Si ulienda kujikatisha mwenyewe? Makuta yote ile ungenunua parseli Ruashi 😂

Mama_Mapacha
Wewe wa parseli, beba mufuko wa mahindi pa kifua kwanza halafu urudi tuongee. Dada, usimujibu.

Infirmie_Kampemba
Mwana_Katuba, usikatwe kwanza!! Kovu inakawia miezi 12 mpaka 18 kuiva, ya kwako ingali changa. Angalia kitu moja: ile kamba iko ndani ya mustari wa kidonda tu, ama imetoka inakula ngozi yenye haikukatwa? Ikiwa ndani, ni kovu ya kutuna, mara mingi inashuka yenyewe polepole. Ikiwa imetoka, inaweza kuwa keloidi, na keloidi ukiikata bila matibabu ingine inarudi, wakati ingine kubwa kupita ya kwanza. Kwenu kuna mutu alitoboa sikio ikamea kinundu? Hiyo inatembea mu familia, na sisi ba ngozi nyeusi inatupata zaidi.

Ile kremu tupa leo. Mingi iko na kortizoni ama hidrokinoni ndani, njo ile weupe. Na ukiona usaha, joto ya mwili ama kidonda inafunguka tena, usikuje hapa kuuliza, enda kwa dokta.

Yaya_Belair
Mimi ilinimea ku operasyo ya kuzaa. Yenye ilinisaidia ni plasta ya silikoni, kile kikaratasi laini sawa ngozi ya samaki, unavaa saa 12 ama zaidi kila siku, unaivua unaiosha na sabuni unairudisha, si wiki moja eh, miezi 3 na kuendelea. Mu joto inatoka jasho inateleza, mi nilikuwa naikausha na kitambaa kila saa sita ya mchana, ba kazini banashangaa naenda wapi. Kuwasha ilikufa mbele, kutuna ikafuata. Na sutie ya waya achana nayo, vaa ya pamba.

Mwana_Katuba
Asanti sana ba yaya. Nimeangalia na kioo ya bwana ya kunyolea: kushoto iko ndani ya mustari, kulia imetoka karibu upana wa kidole. Na tantine yangu ana kinundu ku sikio, kumbe!

Infirmie_Kampemba
Basi ya kulia umuonyeshe dokta wa ngozi. Anaweza kukupiga sindano ya triamsinoloni, dawa ya kushusha kovu, ndani ya kovu yenyewe, inarudiliwa kila wiki 4 mpaka 6. Inauma, sitakudanganya, na yenyewe pia inaweza kuacha doa nyeupe, umuulize mbele aanze. Ya kushoto, silikoni na kuisugua polepole na kidole kila siku, kwa sababu ngozi imeshafunga. Kwa mwezi wa 8 usitazamie isafike yote.

Mama_Mapacha
Na libaya? Ambia fundi aongeze kipande chini ya kwapa, ni kazi ya dakika kumi.

Mwana_Katuba
Nimemupigia sasa hivi. Anasema nimuletee nusu yadi ya kile kitenge, na leki yangu tayari amekasirika sababu ilibakia kidogo sana 😅