Ngozi inatoka kama majivu, jina la kanga linachuja

Brashi_Mikindani
Wakuu, salaam. Nachora wanawake kwa penseli kisha rangi ya maji: wauza samaki, bibi wa Kimakonde mwenye ndonya (kile kipambo cha mdomo wa juu). Sijasomea. Nikipaka kivuli kwa nyeusi ngozi inatoka kama majivu, jina la kanga linachuja, karatasi ya manila inajikunja. Nirekebishe wapi?

Shangani77
Nyeusi iweke kando, mkuu. Kivuli changanya kahawia nyekundu sehemu 3, bluu ya ultramarini sehemu 1. Kivuli kizito, ongeza bluu kidogo kidogo. Tabaka la kwanza liwe na maji mengi, ukiacha karatasi tupu penye mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua. Likauke kabisa ndipo upake la pili. Masika hapa kwetu hata nusu saa haitoshi. Gusa kwa mgongo wa kidole, ukisikia ubaridi bado lina maji. Ukirudisha brashi juu ya rangi mbichi unavuruga ya chini, unapata tope.

Ndonya wengi wanaichora kama kifungo kilichobandikwa. Ile imo ndani ya mdomo wa juu na inausukuma mbele, kwa hiyo kivuli kinaangukia mdomo wa chini. Chale za bibi zilitiwa masizi, ni nyeusi kuliko ngozi. Zichore mwisho, brashi ikiwa karibu kavu.

Kusini_Kwetu
Kanga: anza na mikunjo kwa kijivu chepesi. Kikikauka ndipo maua ya mji (sehemu ya katikati) na pindo, yakikatika kila penye mkunjo. Yakipita moja kwa moja, mama wa watu anaonekana kajifunga kadibodi! Jina ni la mwisho, wala si lazima lisomeke lote, nusu humezwa na mkunjo. Kama unaliandika kwa kalamu ya jeli, nyingi huchuja. Jaribu wino wowote kwenye kipande: andika, ngoja saa moja, pitisha brashi yenye maji.

Manila achana nayo, tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukipata ya 200, iloweke dakika 5, ibandike ubaoni kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, iache hadi kesho yake. Tepu ya mafundi rangi haishiki karatasi mbichi.

Brashi_Mikindani
Shukrani. Vipi nikichanganya na rangi za wachoraji wa Tingatinga?

Shangani77
Hapana. Zile ni za mafuta, zinaziba karatasi, na mng'ao wa rangi ya maji unatoka kwenye karatasi yenyewe. Halafu kisanduku chako cha rangi usikifunge rangi zikiwa mbichi, kwa unyevu wa pwani zinaota ukungu.