Friends ya Beach Boys (1968): watu wanne tuanzie wimbo upi?

Chumbageni_4
Wakuu, tupo wanne hapa Tanga: besi mmoja (sauti nzito ya kiume), tena wawili (sauti ya juu ya kiume) na dada wa sauti ya kwanza. Tuna kinanda. Tunataka kujifunza kupanga sauti kwa albamu ya Friends ya Beach Boys, kundi la Marekani, ingawa kila tunayemuuliza anatupeleka kwenye albamu yao nyingine, Pet Sounds. Tumejaribu wimbo wenyewe wa Friends, tena wa pili anateleza na kuifuata sauti ya kwanza kila mara. Tunakosea wapi?

BesiMakorora
Albamu mmeichagua vizuri. Ilitoka Juni 1968, dakika 25 tu, kwenye chati za Marekani ikaishia namba 126. Uingereza walau ilifika 13. Mwaka ule watu walitaka magitaa yanayonguruma, na hawa wanaimba kama wamo chumba kimoja na mtoto aliyelala. Sehemu kubwa ilirekodiwa nyumbani kwa Brian Wilson, mtunzi wao mkuu, na upole huo ndio utamu wake.

Wimbo wa Friends uwekeni kando kwanza; mapigo matatu yatawachanganya. Anzeni na Passing By. Hauna maneno, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye noti.

Tena wenu anateleza kwa sababu amejifunza huku sauti ya kwanza inamlia sikioni. Andikeni kila sauti kwa solfa (do, re, mi). Besi na tena wa pili waimbe wawili tu, mara kumi, wengine kimya. Kisha aingie tena wa kwanza. Dada aingie mwisho kabisa. Tena wa pili akiteleza upya, msirudi mwanzo: rudieni mstari ule ule, polepole, besi akisimama karibu naye.

Raskazoni68
Naunga mkono, ila mchunge mapambo. Tanga ya vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star imetuzoesha mwimbaji mmoja apambe, wengine waitikie kwa sauti moja. Kwenye nyimbo hizi ukiikunja noti wakati mwenzako ameinyoosha, mpangilio wote unachafuka. Noti ishikwe imenyooka mpaka mwisho, na wote mwachie pamoja.

Irabu nazo. Mmoja akiimba "u" midomo imebana na mwingine imelegea, mtadhani mmekosea noti kumbe noti ziko sawa. Mkimaliza, gusa noti ya mwisho kwenye kinanda. Mkikuta mmeshuka, mara nyingi ni pumzi: pumueni kwa zamu, msikate wote mahali pamoja.

Chumbageni_4
Shukrani sana. Na zile sauti nyembamba za juu, dada aziimbe kama zilivyo?

BesiMakorora
Aziimbe hapo hapo, msiushushe wimbo mzima, la sivyo besi atazama. Ila noti zinazomlazimu mwanamume abane sauti, kwa dada nyingi ni za katikati, atazitoa kwa nguvu na kuwafunika. Asimame hatua mbili nyuma, aimbe kwa sauti ya kichwa, ile laini isiyosukumwa kutoka kifuani.

Halafu tafuteni Wake the World: The Friends Sessions, iliyotolewa 2018. Baadhi ya nyimbo zimo bila vyombo, zimebaki sauti tu. Sikilizeni kwa spika za masikioni, kila mtu aifuate sauti yake moja toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo. Passing By ikishakaa, nendeni Anna Lee, the Healer. Ule una vyombo vichache, kwa hiyo sauti ikipotea hakuna cha kuificha.